Gigabaiti Sita Walizosema Nimeziiba

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha kompyuta katika sekondari ya misheni, huku juu Mgeta, niliambiwa mbele ya wanafunzi kwamba nimeiba gigabaiti sita. Si kompyuta, si waya, si hata kipanya. Gigabaiti. Nimezaliwa bonde la tatu kutoka pale shuleni, nimebatizwa na kupata kipaimara katika kanisa ambalo kengele yake ndiyo inayowatoa wanafunzi darasani, na sikuwahi kudhani kuna siku nitasimama kujitetea kwa kitu ambacho nusu ya walionishtaki hawakujua kama kinashikika au hakishikiki.

Kompyuta zilikuwa nane. Tulipewa na ofisi moja ya Dar iliyokuwa inabadilisha vifaa vyake, zikapanda mlima juu ya lori lililokuja kuchukua kabichi, zimefungwa kwa mablanketi na kamba za katani. Zote zilikuwa na windows ya zamani sana, ile inayofunguka na picha ya kilima cha kijani na anga ya buluu. Wanafunzi wangu walidhani ni kilima cha huku kwetu. Walibishana wiki nzima kimepigwa picha kutokea upande gani, na mmoja aliapa kwamba nyuma yake ndipo kwa bibi yake.

Tatizo lilikuwa uzito. Kila kompyuta ilikuwa na nusu gigabaiti tu ya RAM, yaani ile kumbukumbu ambayo mashine huitumia inapofanya kazi, na kwa programu tulizokuwa tunafundishia hiyo ilikuwa haitoshi kabisa. Ukifungua ukurasa wa kuandikia barua, unaweza kulisimulia darasa zima hadithi kabla haujajitokeza. Vipindi vya dakika arobaini viliishia kwenye kusubiri. Nikapeleka hoja kwenye kikao cha wazazi. Sikutegemea kitu, kwa sababu mwaka ule karoti zilikuwa zimeoza kwa mvua, lakini wazazi walikubali. Kila kaya ilitoa ilichokuwa nacho: njegere, kabichi, karoti zilizopona. Lori moja likajaa, likateremka Dar, na kilichopatikana kikatosha kununua RAM mpya kwa mashine zote nane.

Niliteremka mwenyewe Morogoro mjini kuzinunua, kwa fundi mmoja mwenye duka karibu na soko kuu. Nilichukua vijiti kumi na sita vya RAM, kila kimoja cha gigabaiti mbili, viwili kwa kila kompyuta. Nilivipakata njia nzima kama mtu aliyebeba mayai. Nilipofika shuleni, mjumbe wa bodi aliyekuwa anasimamia vifaa alinipokea.

Huyu mzee lazima nimweleze vizuri, maana ndiye aliyenituhumu, na sitaki aonekane shetani. Alikuwa mtunza stoo katika ghala moja la serikali kwa miaka mingi, akastaafu akiwa na sifa ya kutopoteza hata msumari. Aliamini kwamba kitu kikiingia kumi, kinatoka kumi. Alivaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kupalilia. Siku hiyo alivihesabu vijiti vyangu kwa kidole, kimoja kimoja, akasoma karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kila kimoja, akaandika katika daftari lake: vijiti kumi na sita, jumla gigabaiti thelathini na mbili.

"Umefanya vizuri, mwalimu," akaniambia. "Sasa vifunge tuone."

Nilivifunga siku iliyofuata, baada ya vipindi. Nilifungua makasha yote nane kwa bisibisi moja, nikatoa vijiti vya zamani, nikapachika vipya mpaka nikasikia ule mlio mdogo wa kubana. Nikawasha ya kwanza. Kile kilima cha kijani kikatokea kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Nilicheka peke yangu. Nikafungua ukurasa wa kuandikia, ukaja hapo hapo. Halafu nikaenda kwenye sehemu inayoonyesha mashine ina kumbukumbu kiasi gani, nione ile nne kwa macho yangu.

Iliandikwa tatu nukta mbili tano.

Nikazima, nikatoa vijiti, nikavipuliza vumbi, nikavirudisha. Tatu nukta mbili tano. Nikahamia mashine ya pili, ya tatu, ya nne. Zote nane zilisema hivyo hivyo, kana kwamba zimekubaliana. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba yule fundi wa mjini amenipiga, ameniuzia vitu feki vyenye karatasi za uongo. Nikakumbuka akina mama waliobeba matenga ya njegere kichwani kuteremsha mpaka barabarani.

Hapa nilikosea, na kosa hili ni langu. Nilinyamaza siku tatu. Nilipaswa kwenda ofisini siku ile ile na kusema, jamani, nimeona kitu nisichokielewa. Sikwenda. Nilitaka kwanza nijue, ili nisionekane mjinga. Ningeweza kumpigia fundi, lakini niliogopa jibu lake. Kwa hiyo siku ya nne, mzee alipoingia kwenye chumba cha kompyuta katikati ya kipindi cha kidato cha pili, sikuwa na la kumwambia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nionyeshe panapoandikwa kiasi."

Nilimwonyesha. Alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia skrini. Akahamia ya pili. Wanafunzi waliacha kuandika. Alipomaliza ya nane alifungua daftari, akapiga hesabu kwa kalamu, taratibu, midomo ikitikisika.

"Tatu nukta mbili tano mara nane ni ishirini na sita," akasema. "Nilipokea thelathini na mbili. Sita ziko wapi, mwalimu?"

"Sijui, mzee."

Lilikuwa jibu la kweli, na hakuna jibu baya kuliko hilo mbele ya mtunza stoo.

"Hujui? Wewe ndiye uliyenunua. Wewe ndiye uliyefunga. Chumba ufunguo unao wewe. Wazazi wa watoto hawa wametoa jasho lao, na wewe umebadilisha vijiti, umeweka vidogo, vikubwa umeviuza. Halafu hujui?"

Wanafunzi arobaini walikuwa wananitazama. Mmoja aliyekaa mbele, binti ambaye mama yake alitoa matenga mawili peke yake, aliinamisha kichwa. Kile kichwa kilichoinama kiliniuma kuliko maneno yote ya mzee.

Habari huku kwetu haiteremki kwa barabara, inakata njia za miguu. Ijumaa ilikuwa imefika kwenye zahanati. Jumamosi ilikuwa pale malori yanapopakiwa mboga, na kufikia hapo zilikuwa zimeshakuwa kompyuta sita, maana nani angejua gigabaiti ni nini? Jumatatu mkuu wa shule aliniita.

Mkuu wetu ni sista, mama wa makamo, ndiye aliyenifundisha katekisimu nikiwa na miaka minane. Alinikaribisha kiti, akanisogezea karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya kunitaka nijieleze mbele ya bodi ndani ya siku kumi. Ya pili alikuwa ameiandaa mwenyewe, na ilikuwa inanisubiri sahihi tu: kwamba nakiri uzembe uliosababisha upotevu wa vifaa vya shule, na ninaomba msamaha.

"Ukitia sahihi hii," akasema kwa upole, "ile nyingine naichana. Bodi haikai. Unamaliza mwaka kwa amani."

"Na mwaka ukiisha, Sista?"

Alitazama dirishani. Ukungu ulikuwa umeziba mpaka msalaba wa kanisa.

"Ukiisha tutaona Mungu anasema nini."

"Sista, mimi sijapoteza kitu."

"Haijasema umeiba. Imesema uzembe."

"Ninaelewa imesema nini. Sitii sahihi."

Sikujua nimepata wapi sauti ile. Nilichukua ile barua ya kwanza, ya pili nikaiacha mezani, nikaaga.

Alasiri hiyo nilipanda nyuma ya kanisa, kwenye jiwe ambalo simu hupata mtandao, nikampigia fundi wa mjini. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nilimweleza yote kwa haraka, kompyuta nane, nne kila moja, zinaonyesha tatu na robo. Nikasikia anacheka.

"Dada, hujaibiwa, na mimi sijakuibia. Umepiga windows gani humo?"

Nilimwambia, ile ya kilima.

"Basi. Hiyo ni ya biti thelathini na mbili. Haihesabu kupita nne, na hata hiyo nne yenyewe haikupi yote. Soma kuhusu biti thelathini na mbili utaelewa. Ungeniambia mapema ningekuuzia tatu tatu, ungeokoa."

Nikakaa pale juu ya jiwe mpaka chaji ikabaki kidogo, nikisoma. Na nikaelewa. Mfumo ule wa zamani, yaani windows yetu ya kilima, hutumia namba za tarakimu thelathini na mbili, ndizo biti, kuijua kila sehemu ndogo ya kumbukumbu. Sehemu isiyo na namba, mashine haiwezi kuifikia, hata kama ipo. Na namba zenyewe zina mwisho: zinatosha gigabaiti nne, basi. Kibaya zaidi, si kumbukumbu peke yake inayogawiwa namba hizo. Kadi ya picha inadai zake, kadi ya sauti zake, kadi ya mtandao zake, na hizo hukaa kwenye nafasi za juu kabla ya mtu mwingine. Kumbukumbu inayoangukia nafasi hizo inabaki imelala. Ipo ndani ya kasha, umeme unaipita, lakini haina namba ya kuitwa. Gigabaiti zangu sita zilikuwa mle chumbani siku zote.

Nilishuka pale kwenye jiwe nikiwa na hasira mpya kabisa. Kabla nilikuwa na woga. Sasa nilikuwa najua.

Jumapili baada ya misa nilikwenda nyumbani. Mama yangu alikuwa mtoni anaosha karoti, sketi imekunjwa magotini, mikono myekundu kwa baridi ya maji. Baba alishatangulia mbele ya haki, na kaka zangu wako Dar, kwa hiyo shamba lote lile la ngazi ngazi analilima yeye na vibarua. Nilimsalimu, nikavua viatu, nikaingia majini kumsaidia. Alisubiri mpaka fungu moja lilipokwisha.

"Nimesikia kuna karatasi ya kusaini," akasema.

"Ipo, mama."

"Saini, mwanangu. Neno samahani ni jepesi. Liseme yaishe."

"Likishaandikwa si jepesi tena. Linakaa kwenye faili. Nikienda shule nyingine litanitangulia."

"Na usiposaini watakufukuza. Nitawaambia nini watu pale kwenye malori? Wananiangalia mimi, sio wewe."

Hilo lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimwambia, mama, nisikilize kwanza, nikueleze zilipo. Nikaanza na namba na biti na kadi ya picha. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza padre akisoma Kilatini. Niliona haingii. Tukaendelea kuosha.

Baada ya muda akauliza, "Hiyo mashine, nafasi zake ni ngapi?"

"Nne, mama. Chukulia ni lori lenye nafasi za matenga arobaini."

"Na tairi la spea? Na jeki? Na turubai?"

"Unasemaje?"

"Lori la arobaini halibebi arobaini," akasema, akiwa bado ameinama. "Tairi la spea linakaa mule mule. Turubai mule mule. Kuli naye ana mzigo wake. Ukileta arobaini yanapanda thelathini na mawili, manane yanabaki barabarani. Kila msimu tunagombana na dereva juu ya hilo."

Nilisimama na karoti mkononi, maji yananitiririka kwenye viwiko.

"Na yale manane, mama, yameibiwa?"

"Yameibiwa na nani? Si hayo hapo chini, unayaona. Hayana nafasi tu." Akainuka, akashika kiuno, akanitazama. "Ndiyo hivyo?"

"Ndiyo hivyo hasa."

Akafikiri. Halafu akasema kwa Kiluguru, kwa ile sauti anayotumia mbuzi wa jirani wakiingia shambani, kwamba basi nisisaini, na siku ya kikao atakuja.

Alikuja kweli. Alikaa kwenye benchi la nje ya chumba cha kompyuta na khanga yake ya kanisani, maana nilikuwa nimeomba kikao kifanyike mle mle chumbani na si ofisini. Bodi walikuwa watano: mwenyekiti, ambaye ni mkulima wa stroberi na mtu wa maneno machache, Sista, mwakilishi wa wazazi, padre msaidizi, na mzee wa stoo. Niliwaamkia wote. Mzee peke yake hakuitikia marahaba. Kwa mtu wa umri wake, aliyelelewa kama alivyolelewa, kutoitikia shikamoo ni jambo zito kuliko tusi.

Mwenyekiti akaniambia nijieleze.

"Naomba nisianze na maneno," nikasema. "Naomba nifungue mashine moja. Mzee achague ipi."

Mzee akanyooshea kidole ya tano. Nilizima, nikachomoa waya, nikafungua kasha mbele yao. Nikatoa vijiti vyote viwili, nikavipanga juu ya kitambaa cheupe, nikamwomba mzee asome. Akavaa miwani.

"Mbili. Mbili," akasoma. "Lakini karatasi mtu yeyote anaweza kubandika."

"Kweli, mzee. Ndiyo maana tutaiuliza mashine yenyewe."

Nikarudisha kijiti kimoja tu, nikawasha. Wote watano wakasogea. Kilima kikaja. Nikafungua mahali panapoonyesha kiasi: moja nukta tisa tisa.

"Umeona!" mzee akapaza sauti. "Hata hapa pamepungua! Hiyo iliyobaki imeliwa na nani?"

"Na picha unayoitazama, mzee. Mashine hii haina kumbukumbu ya picha ya peke yake, inaazima kidogo kwenye hii ili ikuonyeshe hicho kilima. Zima skrini, hutaiona picha, na mimi hutanidai."

Padre akakohoa kuficha kicheko. Nikazima, nikatoa kile kijiti, nikaweka cha pili peke yake. Moja nukta tisa tisa vile vile.

"Kwa hiyo," nikasema, "hiki ni mbili kasoro kidogo, na hiki ni mbili kasoro kidogo. Mashine yenyewe imesema, si mimi, si karatasi. Sasa naviweka vyote pamoja."

Nikawasha kwa mara ya tatu. Nikasikia feni ya kasha na mvua ikianza kwenye bati.

Tatu nukta mbili tano.

"Mbili na mbili," nikasema, "zimekuwa tatu na robo mbele ya macho yenu, na mikono yangu mmeiona. Nani ameiba sasa hivi?"

Mwenyekiti akaomba nimweleze sababu, na sikurudia lile kosa la mtoni. Nikasema: lori la nafasi arobaini, tairi la spea, turubai, mzigo wa kuli. Mwakilishi wa wazazi, mama anayeuza kabichi tangu mimi sijazaliwa, akapiga goti lake kwa kiganja. "Eeh! Yanabaki chini!" akasema. Mwenyekiti akaguna, na lile lilikuwa guno la mtu aliyewahi kuacha matenga barabarani.

Mzee hakuguna. Alikuwa bado anakodolea skrini.

"Kama ulijua haibebi," akasema polepole, "kwa nini ulinunua arobaini?"

Lilikuwa swali la haki, na nililijibu kwa haki. "Sikujua, mzee. Nilinunua kabla sijajua. Na nilipoona imepungua nilinyamaza siku tatu badala ya kuja kwako. Kwa kunyamaza kule naomba radhi, na kama mnataka niandike, hilo nitaliandika leo leo. Lakini wizi siandiki. Uzembe uliopoteza vifaa siandiki, maana hakuna kifaa kilichopotea. Vyote kumi na sita viko humu, vihesabuni kabla hamjaondoka."

Mwenyekiti akafunga faili. Akasema bodi imeridhika, suala limekwisha, twende tukanywe chai.

Wengine walishasimama. Mimi nilibaki nimesimama pale pale kando ya kasha lililo wazi, na bisibisi mkononi.

"Mwenyekiti, halijaisha."

Akageuka.

"Nilituhumiwa mbele ya wanafunzi. Nataka nisafishwe mbele ya wanafunzi. Mstarini, kwa maandishi, asubuhi ambayo wote wapo."

"Mwalimu," Sista akasema, na sauti yake ilikuwa na onyo, "usivuke mpaka."

"Sista, watoto hawa wakiniona, wanaona mwizi aliyesamehewa. Mimi sikusamehewa. Sikuiba."

Nilisikia benchi la nje likilia. Mama alikuwa amesimama. Hakuingia. Alisimama mlangoni tu na khanga yake, na wale wote walimfahamu. Mwenyekiti alimtazama, akanitazama mimi, akavuta kiti akakaa tena. Wakaandika. Sentensi tatu: kwamba mwalimu wa kompyuta alituhumiwa kuiba kumbukumbu za kompyuta, kwamba tuhuma hiyo haikuwa ya kweli, na kwamba bodi imethibitisha kwa macho yake na inamwomba radhi. Mzee alitia sahihi wa mwisho. Kalamu yake ilikaa juu ya karatasi muda mrefu.

Jumatatu mstarini kulikuwa na manyunyu. Wanafunzi walisimama kwa vidato, masweta yameloa mabegani. Baada ya sala na wimbo wa taifa, Sista alisogea mbele akiwa na ile karatasi imekunjwa.

"Wiki hizi zilizopita," akasema, "kulitokea kutoelewana kidogo kuhusu vifaa vya kompyuta. Sasa yamekwisha. Tumshukuru Mungu kwa amani."

Akaanza kuigeuza karatasi airudishe mfukoni.

Nilikuwa nimesimama kwenye safu ya walimu, wa pili kutoka mwisho. Sista huyu ndiye aliyenishika mkono nikajifunza ishara ya msalaba. Nilitoka kwenye safu hatua mbili.

"Sista, samahani. Naomba isomwe kama ilivyoandikwa."

Wanafunzi mia nne waligeuka kunitazama. Sista alinitazama. Nilidhani ataniambia nirudi nyuma, na najua ningebaki pale pale. Alifungua karatasi, akaisoma. Sentensi zote tatu, kwa sauti ya kawaida, mpaka neno radhi. Yule binti wa kidato cha pili aliyeinamisha kichwa alikuwa mstari wa mbele, na safari hii alikuwa ananitazama usoni.

Nililipia. Katika ofisi ya walimu walisema nimemdhalilisha mtawa hadharani, na kwa karibu wiki mbili hakuna aliyenisogezea chupa ya chai. Nilikuwa nainuka mwenyewe kuifuata. Mwalimu mmoja wa kiume aliniambia kwamba ukali ule ndio unaofanya wengine tusiolewe. Nilimwambia amimine chai asogeze chupa.

Mzee alikuja chumba cha kompyuta alasiri moja, peke yake, wanafunzi wakiwa shambani. Aliniamkia yeye kwanza, "Hujambo, mwalimu," akaomba bisibisi. Nilimpa. Alifungua kasha mwenyewe, taratibu, akipanga skrubu kwenye kifuniko cha kalamu zisipotee. Akatoa kijiti, akawasha, akasoma. Akabadilisha, akasoma. Akaweka vyote viwili, akasoma. Alifanya hivyo kwa mashine tatu, na jua likawa limeegemea upande wa pili wa bonde. Sikumsaidia, wala yeye hakuomba.

"Sawa," akasema mwishowe, akafunga kasha, akanirudishia bisibisi. Radhi ya mdomoni hakuniomba, na mpaka leo hajaniomba. Ila alinitaka nimweleze tena ile habari ya namba, ya kweli, siyo ya lori, akaiandika kwenye daftari lake.

Likizo ile fundi wa mjini alinipa mfumo mwingine, wa bure, wa biti sitini na nne, ambao namba zake haziishi leo wala kesho. Niliujaribu kwenye mashine zote. Tano zilikubali, zikaonyesha karibu nne kamili. Tatu zilikataa, kwa sababu motherboard zake, yaani bodi kuu za ndani ya kasha, zimetengenezwa kizamani na haziwezi kupita pale hata ukizipa mfumo gani. Kwenye hizo tatu nilirudisha kile kilima. Zinafundishia kuandika barua na kutengeneza majedwali, na kwa kazi hiyo tatu na robo zinatosha. Mwakilishi wa kampuni moja aliyepita akiuza kompyuta mpya alituambia zote nane ni takataka, zitupwe. Nilimwonyesha binti wa kidato cha tatu aliyekuwa anachapa barua ya kuomba kazi kwenye mojawapo ya hizo takataka, bila kutazama vidole. Tukamsindikiza mpaka kwenye gari lake.

Mwezi Januari nilipewa mkataba mpya. Nilikuwa sijui kama nitaupata, na Sista hakuwa ameniambia kitu. Niliusoma ofisini kwake, mstari kwa mstari, yeye akinisubiri. Ukurasa wa pili palikuwa na kifungu kilichoongezwa: mwalimu wa kompyuta atawajibika kwa vifaa vyote kwa kiasi kinachoonekana kwenye skrini.

Nilichukua kalamu nikakikata. Juu yake nikaandika: kwa idadi ya vifaa vilivyohesabiwa kwa mkono. Nikatia sahihi, nikamsogezea.

Alisoma nilichoandika. Alikisoma mara mbili.

"Wewe mtoto ni mgumu," akasema.

"Ndiyo, Sista."

Akaweka herufi zake pembeni ya pale nilipokata, akagonga muhuri, akaniambia kidato cha kwanza wananisubiri.